Nilikiondoa Kitabu Shuleni, Kisha Nikakuta Hesabu za Mwanangu Ndani Yake

Mwalimu,

Assalamu alaikum. Mimi ni fundi seremala wa hapa Lamu, karakana yangu iko upande wa Langoni, na riziki yangu ni milango ya nakshi na vitanda. Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja ningehitaji kukuandikia, kwa maana mtu mwenye wazee na jamaa mtaani huamini kwamba kila jambo lake lina pa kupelekwa. Hili sina pa kulipeleka, kwa kuwa karibu kila mtu ambaye ningemweleza alitia sahihi karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe.

Mwanangu wa pili ana umri wa miaka 14 na anasoma Gredi ya 8 katika shule moja ya kutwa hapa kisiwani. Mwanzoni mwa muhula huu mwalimu wao wa Kiingereza, binti mgeni aliyetoka bara, alianzisha klabu ya usomaji kwa vitabu vya msaada vilivyokuja katika makasha kutoka ng'ambo. Miongoni mwake zilikuwamo nakala nne za riwaya ya Kimarekani iitwayo The Chocolate War. Sikuwa na habari nayo mpaka jioni moja mzazi mwenzangu alipotuma picha ya ukurasa mmoja katika kundi letu la WhatsApp, na katika ukurasa ule mlikuwa na matusi na maneno ya aibu ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kiingereza changu ni cha kuuzia milango kwa watalii, lakini maneno hayo niliyafahamu, na hasira zikanipanda. Kesho yake niliandika barua, nikaizungusha baada ya sala ya alasiri, nikapata sahihi 17, kisha nikaipeleka kwa mwalimu mkuu kwa mkono wangu. Barua ilisema kwamba kitabu hicho kinawafundisha watoto ufuska, kinaidharau dini, na kinaonyesha waovu wakishinda.

Wiki haikuisha. Klabu ilivunjwa, nakala tatu zikafungiwa katika kabati la ofisi, na mwalimu yule akapewa barua ya kujieleza katika muda wa siku 14. Wazazi walinipongeza, na nakiri kwamba pongezi zile zilinipendeza.

Nakala ya nne haikuonekana. Mwanangu alipoulizwa alisema yeye alikwisha kuirudisha. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nikitengeneza kitanda chake, kwa kuwa ubao mmoja wa chaga ulikuwa umepasuka, na nilipoinua godoro nikaikuta. Nia yangu ilikuwa kwenda kuichoma. Niliifungua tu ili nione ule ukurasa kwa macho yangu, na badala yake nikaona mistari ya penseli. Haikuwa penseli ya shule. Ilikuwa penseli yangu nyekundu ya bapa, ile ya kutilia alama mbao, ambayo huacha mstari mnene kama utepe na ambayo kwa wiki nzima nilikuwa nikiitafuta karakanani huku nikiwakemea vijana wangu wa kazi. Alikuwa amepiga mistari chini ya maneno mengi, lakini kuna mahali ambapo mwalimu wa hadithini anaita majina na kila mwanafunzi anataja idadi ya maboksi ya chokoleti aliyouza, na hapo pembeni mwanangu alikuwa ameandika hesabu yake mwenyewe, moja chini ya nyingine: 20, 20, 50, 20, kofia, 50, ndara, 20. Chini kabisa aliandika neno moja, "bado."

Kofia ile nilimnunulia kwa sikukuu ya Idi. Aliniambia imechukuliwa na upepo alipokuwa gatini, nami nikamgombeza mbele ya wadogo zake. Ndara zilipopotea nilimwita mzembe. Kwa muda wa miezi miwili amekuwa akizungukia njia ya pwani kwenda shuleni badala ya kupita vichochoroni, na mimi nilidhani anapenda kutazama majahazi. Sijamwambia kwamba nimeona. Nilikirudisha kitabu mahali pake, nikapigilia ubao, nikatandika godoro.

Sasa zimebaki siku 6 katika zile 14. Mke wangu, ambaye ni yeye peke yake niliyemweleza, anasema nimshughulikie mtoto kimya kimya na habari ya mwalimu niiache, kwa sababu nikirudi shuleni kusema nilikosea nitakuwa kichekesho, na wale 17 wataona nimewageuka. Mimi bado naamini kwamba maneno yale ni machafu, wala sielewi vipi kitabu ambacho wema unashindwa kinaweza kumfaa mtoto. Lakini naona pia kwamba bila ya kitabu hicho nisingalijua lolote. Nianzie wapi? Na je, nimwambie mwanangu kwamba nimesoma?

Fundi, Lamu


Waalaikumu salaam, Fundi.

Siku 6 zako zitakuwa zimepungua hata jibu hili likufikie, kwa hiyo nitaanza na mwalimu, ingawa najua kwamba moyo wako uko kwa mtoto. Barua ya kujieleza si karipio la mdomo linaloisha pale pale linaposemwa. Hubaki katika faili, na shauri likisukumwa mpaka Tume ya Huduma za Walimu linaweza kuishia katika hatua za nidhamu ambazo mwalimu kijana, tena mgeni asiye na wa kumsemea, atazibeba peke yake. Andika barua ya pili kesho, kwa mkono ule ule ulioandika ya kwanza, uipeleke kwa mwalimu mkuu, na nakala umpe mwenyekiti wa bodi ya usimamizi na mwalimu mwenyewe. Sema kwamba ulipoandika ya kwanza ulikuwa umesoma ukurasa mmoja tu, tena katika simu; kwamba huna ushahidi wowote kuwa mwalimu huyo alikusudia mabaya; na kwamba unaiondoa sahihi yako katika kila neno linalomhusu yeye. Wale 17 usiwasemee, kila mmoja ana mkono wake. Huna haja ya kusema kwamba kitabu ni kizuri ikiwa huamini hivyo. Na tafadhali usimtaje mwanao katika barua hiyo hata kwa fumbo, kwa sababu karatasi ikishaingia ofisini husomwa na wengi kuliko walioandikiwa.

Mkeo hakukosea kuhofia kichekesho, maana mji wenu nausikia mpaka huku Malindi. Lakini shtaka ulilizungusha hadharani baada ya sala, na mtu aliyeshtakiwa hadharani hawezi kusafishwa chumbani. Tena uliniandikia kwamba ni binti mgeni aliyetoka bara, kana kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya kosa lake. Lifikirie.

Sasa nije kwenye kitabu. Nilikisoma zaidi ya mara moja nilipokuwa nikifundisha, na naona ni haki nikueleze kilichomo, kwa kuwa ulikihukumu kabla ya kukijua. Aliyekiandika, Robert Cormier, alikuwa mwandishi wa habari katika jimbo la Massachusetts, Mkatoliki aliyesomeshwa katika shule za kanisa, na chanzo cha hadithi ni mwanawe aitwaye Peter, ambaye shule yake ilimpa chokoleti za kuuza ili kuchangisha fedha, naye akaamua kutouza. Baba alimwandikia mkuu wa shule barua ya kumuunga mkono mwanawe, na kijana akaachwa kwa amani. Hakuna aliyemgusa. Lakini baba aliendelea kujiuliza ingekuwaje kama wangemgusa, na swali hilo ndilo lililozaa riwaya iliyotoka mwaka 1974. Kwa hiyo, Fundi, kitabu ulichokiandikia barua ya kukiondoa kilianza na baba aliyeandika barua kwenda shuleni kwa ajili ya mwanawe.

Katika riwaya yenyewe, kijana Jerry Renault, aliyefiwa na mamake muda si mrefu uliopita, yuko mwaka wa kwanza katika shule ya wavulana ambako kuna wa kuogopwa wawili: kundi la siri la wanafunzi linalowapangia wenzao kazi za kujiumiza wenyewe au za kuwatesa wengine, na Bruda Leon, mtawa wa Kikatoliki anayekaimu ukuu wa shule. Bruda ameagiza maboksi 20,000 ya chokoleti, kila mwanafunzi auze 50, na ili mzigo huo uishe analitegemea kundi lile huku akijifanya halijui. Kundi linamwamuru Jerry akatae kuuza kwa siku 10. Siku 10 zinakwisha, naye anaendelea kukataa kwa hiari yake, asubuhi baada ya asubuhi, jina lake linapoitwa na wenzake wote wakitaja walichouza. Ni pale pale ambapo mwanao alichukua penseli yako. Wale walitaja walichouza, yeye akataja alichonyang'anywa. Mtoto asiyekielewa kitabu hawezi kuandika hivyo, na ningalikuwa mwalimu wake ningalimpa alama zote.

Baada ya hapo mambo yanamharibikia Jerry. Vitu vyake shuleni vinaharibiwa, simu zinalia nyumbani usiku na anayepiga anacheka tu, wenzake wanampita kana kwamba hayupo, na genge la watoto linampiga. Baba yake, mfanyakazi wa duka la dawa ambaye msiba umemwacha kama mtu anayetembea usingizini, hajui lolote, kwa sababu kijana hamwambii na yeye haulizi. Mwisho wake ni uwanjani usiku, ambapo Jerry anapigwa ngumi mbele ya wanafunzi walionunua tikiti za kuamua ngumi ipi ipigwe, huku Bruda Leon akitazama kwa mbali asizuie. Anatolewa hapo hali yake mbaya, na waovu wanarudi kwenye vyeo vyao. Katika hili barua yako ilisema kweli.

Wala hukuwa wa kwanza kulisema. Wachapishaji kadhaa walimrudishia Cormier mswada wake wakitaka mwisho ulainishwe, naye akakataa. Kitabu kilipotoka kilianza kuondolewa mashuleni huko Marekani, na mwaka 2004 kiliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, orodha ambayo hutolewa kila mwaka na Jumuiya ya Maktaba ya Marekani. Sababu zilizotajwa ungedhani zimenakiliwa kutoka barua yako: lugha chafu, mambo ya mwili, mapigano, dini. Wamarekani walikwisha kulipeleka suala hili mpaka Mahakama ya Juu, katika kesi ambayo mwanafunzi Steven Pico na wenzake waliishtaki bodi ya shule ya jimbo la New York iliyoondoa vitabu kadhaa maktabani, na hukumu ya mwaka 1982 ikasema kwamba bodi haiwezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu tu fikra zilizomo haziwapendezi wakubwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi. Ninachokitamani kutoka kwao ni kitu kidogo zaidi, nacho ni ile fomu ambayo mzazi mwenye malalamiko hupewa katika shule nyingi za huko, ambayo haikosi kumuuliza kama amekisoma kitabu chote. Ungeulizwa hivyo siku ile, nadhani ungerudi nyumbani na kitabu badala ya kurudi na pongezi.

Nami sina mikono safi katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita, katika shule niliyofundisha, mkuu wetu aliagiza tuzibe kwa karatasi aya moja ya riwaya ya Kiswahili iliyokuwa ikisomwa, nami nikakaa jioni nzima na chupa ya gundi nikibandika nakala 40. Kesho yake asubuhi niliingia darasani nikakuta watoto wamejipanga dirishani, kila mmoja ameuinua ukurasa ule kwenye jua ili asome maneno kwa nyuma. Wengi wao hawakuwa wamefika katika sura hiyo. Kenya nzima ilijua habari ya mchezo wa kuigiza wa Echoes of War wa shule ya wasichana ya Butere mwezi wa Aprili 2025, si kwa sababu uliigizwa, bali kwa sababu ya mabomu ya machozi yaliyorushwa Nakuru siku ambayo ulipaswa kuigizwa. Mwaka 2013 wasichana wa shule hiyo hiyo walikuwa wamezuiwa kuonyesha Shackles of Doom, mpaka Mahakama Kuu ikaliondoa zuio hilo. Kabati la ofisi ya shule yenu sasa linajulikana na kila mtoto wa kisiwani, nakuhakikishia.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hofu yako ni ya bure. Maneno yale ni machafu kweli. Yamewekwa kwa sababu ndivyo wavulana wale wanavyosema wakubwa wasipokuwapo, lakini mzazi ana haki ya kusema kwamba mtoto wake asomeshwe kitabu kingine, na mwalimu angefanya vyema kuwapelekea wazazi karatasi ya ridhaa kabla ya kugawa riwaya kama hiyo kwa watoto wa Gredi ya 8. Haki hiyo inaishia kwa mtoto wako. Haiwafikii watoto wa wenzako, ambao baadhi yao pengine nao wana hesabu zao.

Kuhusu waovu kushinda, nitakuuliza swali la Kiamu. Utenzi wa Al-Inkishafi tunawasomesha watoto, na humo majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa na mataa na mazulia yanaishia kuwa magofu ya popo na bundi, na hakuna anayefufuka kuyajenga upya. Sijapata kumsikia mtu wa Lamu akitaka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir abadilishe mwisho. Kinachonitia wasiwasi mimi katika The Chocolate War si kwamba mwisho wake ni mchungu, bali ni kwamba mwanao anausoma peke yake chini ya godoro. Jerry, akiwa hoi, anafikia uamuzi kwamba ilikuwa bora asijaribu. Mtu mzima akisoma hapo anaelewa kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda pale ambapo kila mtu ananyamaza, lakini mtoto wa miaka 14 ambaye jana amenyang'anywa ndara anaweza kusoma maneno hayo hayo na akaona ni ushauri. Kwa hiyo amalize kitabu, na wewe ukimalize pamoja naye. Kiingereza cha kuuzia milango kinatosha, yeye atakutafsiria palipo pagumu, na hilo nalo litamfaa.

Uliuliza kama umwambie kwamba umesoma. Mwambie, lakini usianze na hilo. Mchukue karakanani siku ambayo vijana wako wa kazi hawapo, umpe ubao wa kupiga msasa, nawe ushike patasi yako, kwa kuwa mtoto wa umri huo husema zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa hayatazamani na ya babake. Anza na deni lako wewe, nalo ni ile kofia. Mwambie kwamba ulimgombeza mbele ya wadogo zake kwa jambo ambalo hakulifanya, na kwamba unamtaka radhi. Kisha nyamaza, uendelee na nakshi, hata kama kimya kitakuwa kirefu kuliko unavyopenda. Akikuuliza umejuaje, mweleze habari ya chaga na godoro kama ulivyonieleza mimi. Usimuulize kwa nini alidanganya, wala kwa nini hakurudisha ngumi, kwa maana maswali hayo mawili yatamfunga mdomo mwaka mzima. Lile neno "bado" nalo sijui alikusudia nini, ama bado wanamdai, ama bado hajapata wa kumwambia. Atakueleza mwenyewe akitaka.

Atakuomba usimwambie mtu. Usimuahidi hilo, kwa kuwa hutaweza kulitimiza. Muahidi kwamba hutakwenda popote wala kusema na yeyote kabla ya kumwambia yeye kwanza, na ahadi hiyo uishike hata ikikukera. Vijana wako wa karakana usiwatume kwenda kuwasubiri wenzake kichochoroni. Barazani usilitaje, wala msikitini, kwa sababu mji ni mdogo na si ajabu kwamba mmoja wa wanaomwonea ni mtoto wa mmoja wa wale 17.

Akikubali, nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu mkiwa na maandishi: siku gani, wapi, kilichukuliwa nini, nani alikuwapo. Hao waliokuwapo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kuna sura katika riwaya ambapo Bruda Leon anamsingizia mwanafunzi hodari kwamba ameiba majibu ya mtihani, anamfedhehesha mbele ya darasa zima, darasa linakaa kimya, na mwisho Bruda huyo huyo anawageukia na kuwasuta kwa kukaa kwao kimya. Uonevu wa shule ya kutwa haufanyiki gizani. Hufanyika langoni, penye foleni ya maji, mchana kweupe, na wapo watoto watano au sita ambao wameona kila kitu na wanangoja mtu mzima awaulize bila kuwatisha. Omba mwalimu wa ushauri nasaha awaulize mmoja mmoja. Hao wanaomnyang'anya nao washughulikiwe kama watoto, kwa kuwa kijana anayetafuta shilingi 20 kila siku kwa nguvu huenda naye kuna anayemdai.

Ukiambiwa kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya wavulana, jibu kwa upole kwamba kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa unyama au kudhalilishwa, iwe ni mwili wake au akili yake inayoumizwa. Shule ikivuta miguu, nenda kwa afisa wa watoto. Mwanao naye mpe namba 116, simu ya bure ya watoto inayopokewa usiku na mchana, aihifadhi hata kama hataitumia. Cormier, katika riwaya yake iliyofuata, alimpa mhusika mmoja namba ya simu ambayo ilikuwa ya nyumbani kwake hasa, na vijana waliojaribu kuipiga walishangaa kusikia inapokewa. Inasemekana baadhi yao hawakuwa na habari za kitabu, walitaka tu mtu wa kusema naye.

Klabu ya usomaji ikikataliwa kurudi shuleni, ulizia maktaba iliyo ndani ya Ngome, hatua chache kutoka karakana yako. Jengo lile lilikuwa jela mpaka mwaka 1984, na watoto kusoma humo ni matumizi bora zaidi. Wazazi wanaotilia shaka wanaweza kukaa benchi la nyuma na kusikiliza. Ningependa kusikia kwamba wewe ulikuwa mmojawapo.

Halafu kuna ile nakala ya nne, ambayo ni mali ya shule na lazima irudi. Kabla ya kuirudisha, nakilini hesabu zile katika karatasi safi, pamoja na tarehe kila anapozikumbuka, kwa kuwa ndio ushahidi wenu. Kama zifutwe au zibaki ukurasani, mwachie yeye aamue. Akitaka zifutwe, tumieni kifutio laini na msiharakishe, maana penseli ile, unajua mwenyewe, imetengenezwa ili isitoke.